Mfereji wa Meli wa Manchester: maswali yanayoulizwa kila siku

Hii mada ya Manchester ya Uingereza, mji usio na bahari, kuchimbiwa mfereji wa kupitisha meli na kuwa na bandari kubwa kila ikiguswa inazua ubishi, hasa wikiendi kwenye banda umiza kabla mechi haijaanza, mmoja anasema hivi mwingine anasema vile na hakuna anayemwachia mwenzake. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia nikayajibu hapa chini. Mengine majibu ni marefu, mnivumilie.

Tuanze na mpira. Ile meli kwenye nembo ya Man U na City imetokana na huu mfereji?

Hapana, na hili ndo kosa linaloongoza. Ile meli imetoka kwenye nembo ya mji wa Manchester yenyewe, ambayo ilitolewa mwaka 1842 kuonyesha kwamba huu ni mji wa biashara unaouza vitu vyake dunia nzima. Mfereji ulifunguliwa 1894, yaani miaka 52 baadae. Kwa hiyo mji ulijichorea meli wakati meli yenyewe haiwezi hata kuusogelea, halafu nusu karne mbele ndo wakaenda kuileta ya kweli. Klabu zote mbili ziliichukua meli kwenye nembo ya mji. City ilianza kutumia jina la Manchester City mwaka huohuo wa 1894, kabla ya hapo iliitwa Ardwick, hiyo ni bahati tu ya kalenda.

Kwani Manchester iko baharini?

Wala. Iko bara, bahari iko upande wa Liverpool huko magharibi. Mfereji unaanzia Eastham, kwenye mlango wa mto Mersey upande wa pili ukitokea Liverpool, unapita Ellesmere Port, Runcorn, Warrington, unaenda kuishia Salford ambako ndo zilikuwa gati zenyewe. Salford na Manchester zimegawanywa na mto Irwell tu, ukivuka umeshafika. Urefu ni kilomita 58, fikiria umetoka posta Dar ukaenda mpaka karibu na Mlandizi, halafu njia nzima hiyo ichimbwe ipite meli ya baharini. Sehemu ya juu walitumia mito iliyokuwepo, Irwell na Mersey, wakaipanua na kuinyoosha, ila chini huko ni mfereji mpya kabisa uliobana ukingo wa Mersey.

Si kulikuwa na reli na Liverpool iko hapohapo jirani, walihangaika nini?

Hapo ndo penye utamu. Manchester ilikuwa mji mkuu wa pamba duniani, viwanda vya nguo kila kona, na pamba yote inatoka nje ya nchi. Ikifika Liverpool unalipa ushuru wa bandari, unalipa mji wa Liverpool, unalipa wapakuaji, halafu unalipa reli kuileta Manchester safari fupi tu. Ukishafuma kitambaa unarudi nacho njia ileile unalipa tena. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830 na mwanzoni watu walidhani ndo mkombozi, lakini baada ya muda watu wa reli na watu wa bandari wakawa kama wanaimba wimbo mmoja. Ikafika mahali wafanyabiashara wa Manchester wanalalamika kwamba ni nafuu kupitishia mzigo Hull, bandari iliyoko upande mwingine kabisa wa Uingereza, kuliko Liverpool ambayo unaweza kwenda na kurudi siku moja na chai ukanywea nyumbani.

Miaka ya 1870 uchumi ukayumba, viwanda vikaanza kufungwa, hasira zikapanda. Kila mtu mwenye kiwanda alikuwa anaiangalia Liverpool kama dalali aliyekaa mlangoni.

Nani alianzisha wazo?

Wazo la kupitisha meli kubwa lilikuwepo siku nyingi, lakini aliyelitoa mdomoni akaliweka mezani ni Daniel Adamson, fundi wa mabwela ya mvuke (boila) aliyekuja kuwa tajiri wa viwanda. Tarehe 27 Juni 1882 aliita watu nyumbani kwake Didsbury, wenye viwanda, viongozi wa miji ya jirani, na mainjinia wawili wenye michoro tofauti. Mmoja, Hamilton Fulton, alitaka mfereji usio na mageti ya kuzuia maji kabisa, maji ya bahari yaingie na kutoka mpaka Manchester. Tatizo ni kwamba Manchester iko juu, kwa hiyo huku mwisho meli ingekuwa imezama kwenye korongo refu na mzigo uuvute juu kama unachota kisima. Mwingine, Edward Leader Williams, akasema hapana, tuweke mageti tuipandishe meli kidogo kidogo. Huyu ndo alishinda.

Serikali ilichangia kiasi gani?

Serikali kuu, sifuri. Ulikuwa mradi wa kampuni binafsi, hela za kuuza hisa. Bunge lilitoa ruhusa tu, na hiyo ruhusa yenyewe waliitolea jasho. Muswada wa kwanza 1883 ulikataliwa, wa pili 1884 ukakataliwa, wa tatu ndo ukapita na kusainiwa Agosti 1885. Liverpool na kampuni za reli walijaza mawakili mle ndani. Hoja moja ya Liverpool ilikuwa ya kweli lakini: michoro ya mwanzo ilitaka kujenga kuta katikati ya mlango wa Mersey, na hizo zingebadilisha mkondo, mchanga ukajaa na bandari ya Liverpool ikaziba. Ndo maana njia ikahamishwa ikabana pembeni upande wa Cheshire, hoja ikawa imekufa.

Ila ruhusa ilikuja na masharti. Ndani ya miaka miwili wawe na pauni milioni 5, na wainunue kampuni iliyokuwa inamiliki mfereji wa zamani wa Bridgewater kwa pauni 1,710,000. Huo Bridgewater nao ulikuwa wa hela binafsi, Duke mmoja aliuchimba miaka ya 1760 kutoa makaa ya mawe kwenye migodi yake mpaka Manchester, bei ya makaa ikashuka mjini.

Kwa hiyo hisa alinunua nani?

Adamson alitaka wanunue watu wa kawaida. Hisa moja pauni 10, na yeye alizunguka kwenye mikutano mji kwa mji akiwaambia wafanyakazi wa viwandani kwamba huu ni mfereji wenu. Watu walijitokeza kwa maelfu, mwishoni wenye hisa walifika kama 39,000, idadi kubwa sana kwa zama zile. Lakini maelfu ya watu wenye pauni 10 kumi hawakufikisha mamilioni yaliyotakiwa. 1886 wakajaribu kuuza kupitia benki ya Rothschild, ikadunda. Wakubwa ndani ya kampuni wakasema bila kuwavuta matajiri wa London hatufiki. Adamson hakukubaliana nao, Februari 1887 akajiuzulu uenyekiti, akaingia Lord Egerton wa Tatton. Mwezi wa saba mwaka huohuo benki za Barings na Rothschild wakatoa hisa za kipaumbele za pauni milioni 4, zile ambazo mwenye nazo analipwa kwanza kabla ya mwenye hisa ya kawaida, na masharti ya bunge yakatimia pua na mdomo na tarehe ya mwisho.

Adamson alifariki Januari 1890, mfereji ukiwa bado vumbi na matope. Mimi huyu mzee namuonea huruma kuliko wote kwenye hii habari.

Walichimba kwa majembe?

Majembe yalikuwepo, ila na mashine pia, na ndo maana unavutia kuusoma, uko katikati ya zama mbili. Kazi ilianza Novemba 1887 chini ya mkandarasi Thomas Walker, yuleyule aliyejenga handaki la reli chini ya mto Severn. Mkataba wake pauni 5,750,000. Kwa kawaida walikuwa watu 12,000 kazini, kuna kipindi walifika 17,000. Mashine za kuchimba za mvuke karibu 100, vichwa vya treni zaidi ya 170, mabehewa zaidi ya 6,000, na reli ya muda zaidi ya kilomita 300 ya kubebea udongo tu. Udongo na mawe waliyotoa ni kama meta za ujazo milioni 41, kama nusu ya waliyotoa Suez.

Kibarua alilipwa peni nne na nusu kwa saa, siku ya masaa kumi. Kando ya mfereji vikaota vijiji vya mabanda ya mbao, familia zinaishi humo, kanisa na shule humo humo.

Na ajali zilikuwa nyingi. Reli imebana, kingo zinaporomoka, baruti, giza, matope. Zaidi ya watu 100 walikufa. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Walker aliweka hospitali njia nzima, na vituo vya huduma ya kwanza katikati, na reli yao wenyewe ndo ikawa ambulensi: ukivunjika mguu unawekwa kwenye behewa unapelekwa hospitali iliyo karibu, hupitii barabara yenye mashimo. Daktari mkuu alikuwa kijana anaitwa Robert Jones, hapo alipata mifupa iliyovunjika ya kila namna ya kujifunzia, na baadae akawa mmoja wa magwiji walioanzisha upasuaji wa mifupa wa kisasa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja alikuwa anajua cha kufanya.

Nasikia hela ziliisha katikati, ni kweli?

Ziliisha, tena vibaya. Walker alifariki Novemba 1889, ukazuka mvutano na wasimamizi wa mirathi yake, kampuni ikabidi ibebe kazi yenyewe. Halafu yakaja mafuriko, kazi ya miezi ikajaa maji kwa usiku mmoja, mashine zikazama, kingo zikabomoka, baridi kali ya mwaka ule nayo ikagandisha kila kitu. Kampuni za reli nazo zilikuwa na madai yao: reli zao zinazokatiza njia lazima zijengewe madaraja marefu ya kupita juu ya meli, na lini treni zao zihamie huko wanaamua wao wenyewe, we subiri.

Mwanzoni mwa 1891 kasha likawa tupu. Kuacha haiwezekani, una shimo la kilomita 58 na watu 39,000 wanakudai. Ikabidi manispaa ya Manchester iingie, ikakopesha pauni milioni 3, mwaka uliofuata ikaongeza milioni 2. Kwa malipo yake ikachukua viti 11 kati ya 21 vya bodi ya wakurugenzi. Yaani mradi ulioanza kama wa binafsi ukamalizika unaongozwa na halmashauri ya mji. Gharama yote ilifika pauni milioni 15, piga mwenyewe hesabu na ile milioni 5 ya mwanzo.

Kwa hiyo mtu akikwambia ulijengwa kwa hela binafsi, ni kweli kwa sehemu kubwa. Ila mwenye nyumba aliyelipa bati la mwisho ni mlipa kodi wa Manchester.

Meli inapandaje mlima?

Manchester iko kama meta 18 juu ya usawa wa huku chini Eastham, ghorofa sita hivi. Njiani kuna seti tano za mageti: Eastham, Latchford, Irlam, Barton na Mode Wheel. Meli inaingia kwenye chumba, geti la nyuma linafungwa, maji yanafunguliwa toka juu, chumba kinajaa, meli inainuka nayo, geti la mbele linafunguliwa inaendelea. Hakuna injini inayoinyanyua, ni maji tu. Vyumba vikubwa vya ndani vina urefu wa meta 183 hivi na upana wa kama meta 20, kwa hiyo hiyo ndo saizi ya mwisho ya meli, na kumbuka hilo maana ndo lililokuja kuua bandari.

Kikwazo kingine ni yale madaraja ya reli, yameachia kama meta 22 tu. Meli ndefu ilibidi ikatwe ncha ya mlingoti na ya dohani pale Eastham, ziwekwe pembeni, izifuate ikirudi.

Na lile daraja la maji linalozunguka?

Lipo mpaka leo, Barton, nenda kaangalie video zake. Shida ilikuwa hivi: ule mfereji wa zamani wa Bridgewater ulikuwa unavuka mto Irwell juu kwa daraja la mawe, boti ndogo zinapita juu ya mto. Sasa mto unageuzwa njia ya meli kubwa, daraja liko chini sana, meli haipiti. Ukilivunja, boti za makaa nazo hazipiti. Leader Williams akatengeneza beseni la chuma lenye urefu wa meta 71, limejaa maji, limekaa kwenye kisiwa katikati ya mfereji. Meli ikija wanafunga milango ya beseni ncha zote mbili na ya mfereji kingo zote mbili, halafu beseni zima linageuka na maji yake ndani, tani 1,450 kwa jumla, linalala sambamba na kisiwa, meli inapita. Ikishapita linarudi. Maji yakivuja kidogo pale kwenye maungio yanachuruzika tu, halafu boti inaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Ni la pekee duniani la aina yake.

Ulifunguliwa lini rasmi?

Mara mbili. Januari 1, 1894 ndo meli zilianza kupita, msururu ukiongozwa na boti ya wakurugenzi inaitwa Norseman. Meli ya kwanza kushusha mzigo ilikuwa Pioneer ya ushirika wa walaji, imebeba sukari kutoka Rouen, Ufaransa. Mimi hii naipenda, kwamba wa kwanza kufaidi ni ushirika wa watu wa chini. Mei 21 Malkia Victoria akaja kuufungua kwa sherehe, na Leader Williams akapewa cheo cha Sir.

Wenye hisa walikula faida?

Hisa za kawaida gawio la kwanza lilikuja 1915. Soma tena: 1915. Mtu aliyenunua 1886 akiwa kijana wa miaka thelathini alikuwa anakaribia sitini. Mwaka wa kwanza mizigo haikufika hata tani milioni 1, walitegemea mara tatu. Kampuni kubwa za meli zilikuwa na mizizi Liverpool na hazikutaka kupanda huku juu, watu wa bima nao wakaleta wasiwasi. Dawa ikawa kuanzisha meli zao wenyewe, 1898 ikaundwa Manchester Liners, na moja ya meli zake za mwanzo iliitwa Manchester City, ndiyo, hilohilo jina. Ilipopanda mpaka Salford Januari 1899 ikiwa na ng'ombe na kondoo kutoka Kanada, na ilikuwa meli kubwa kweli, maneno ya kwamba meli kubwa haziwezi yakaisha.

Basi ulikuwa hasara tupu?

Kwa mwenye hisa, ndiyo, karibu na hivyo. Kwa mji, hapana. Bei za usafirishaji zilishuka, hata Liverpool na reli walipunguza zao kwa kuogopa ushindani, kwa hiyo hata mzigo ambao haukupita mfereji ulifaidika nao. Manchester ikaja kuwa bandari ya tatu kwa shughuli Uingereza, huko bara ilipo. Kilele ni 1958, tani milioni 18 kwa mwaka.

Halafu kuna Trafford Park. Palikuwa shamba na jumba la kifahari la Sir Humphrey de Trafford, ambaye aliupinga mfereji kwa sababu utamletea maji machafu karibu na nyumba. Ulipokuja kweli yeye alishafariki, mwanae aliyerithi akauza, 1896, pakageuzwa eneo la viwanda lililopangwa la kwanza duniani. Westinghouse wa mitambo ya umeme wakaja, Ford wakaanza kuunganisha gari lao la Model T hapo 1911, kiwanda chao cha kwanza nje ya Amerika Kaskazini, Kellogg's wakaja 1938 na cornflakes zao za mahindi.

Old Trafford inahusika vipi?

Iko palepale ubavuni. United walihamia 1910, mtaa wa wafanyakazi wa gati na viwanda, wateja wako mlangoni. Lakini ujirani huo uliwaponza: vita ya pili Trafford Park inatengeneza injini za ndege, Wajerumani wanapiga viwanda, Machi 1941 mabomu yakaangukia uwanja. United wakaenda kucheza Maine Road, kwa City, mpaka 1949. Ukibishana na shabiki wa City leo usimkumbushe, atakudai kodi.

Maisha ya makuli yalikuwaje?

Kibarua cha siku. Asubuhi unasimama kwenye kundi, msimamizi anaangalia sura, anaokota anaowataka, wengine mnarudi nyumbani. Mzee yeyote wa Kurasini au Kilindini aliyewahi kusubiri meli ataijua hii bila kuelezwa.

Sasa kilichoua bandari ni nini?

Kontena. Manchester Liners hawakulala, walikuwa wa kwanza Uingereza kuanzisha huduma ya meli za kontena, 1968. Lakini meli za kontena zikaendelea kunenepa na vile vyumba vya mageti havinenepi. Mizigo ikaanza kushukia pwani na kuja kwa lori, barabara kuu zimeshajengwa. Gati za Salford zilifungwa 1982, maelfu wakakosa kazi, maji yakabaki yananuka kwa sababu mto Irwell ulikuwa umebeba uchafu wa viwanda miaka mia.

Halmashauri ya Salford ikayanunua yale magofu, ikayaita Salford Quays, ikasafisha maji. Leo pana makumbusho, maghorofa, na BBC walihamishia idara kadhaa hapo 2011, michezo ikiwemo. Kwa hiyo uchambuzi wa mpira wa BBC unaousikia unatokea pale pale makuli walipokuwa wanashusha magunia.

Ni sawa na bandari kavu zetu, kama Kwala?

Lengo linafanana, kusogeza bandari kwa mwenye mzigo. Njia ni tofauti, sisi kontena linakuja kwa reli, wao waliileta bahari yenyewe.

Mfereji bado unafanya kazi, na wa nani?

Unafanya, hasa upande wa chini kule Ellesmere Port na kwenye kiwanda cha mafuta cha Stanlow. Huku juu meli ni za kuhesabu. Miaka ya 1980 kampuni iliangukia mikononi mwa Peel, kampuni ya John Whittaker, ambaye alichoona zaidi ni ardhi ya kandokando. Lile duka kubwa la Trafford Centre, lililofunguliwa 1998, limejengwa kwenye ardhi hiyo.

Naweza kupita kama mtalii?

Kwa miaka mingi kumekuwa na safari za kiangazi za boti, mfereji wote, kama masaa sita, unapanda mageti yote na Barton unaliona likigeuka. Zimekuwa zikiendeshwa na feri za Liverpool.